NANI ATAMKUMBUKA MWALIMU MZEE?

Kila mwaka, mwezi wa Novemba unapofika, tunaandika majina ya marehemu wetu katika karatasi, tunayapeleka parokiani, na Padri anawaombea katika Misa Takatifu. Mwaka huu nimeandika jina la mwalimu wangu wa zamani. Nilipoliandika, mkono wangu ulisita. Nilijiuliza: Wewe unayemwomba Mungu leo amkumbuke mtu huyu, je, ulimkumbuka alipokuwa hai? Jibu lilinitia haya. Ndiyo sababu nataka, ndugu wasomaji, tufikiri pamoja juu ya jambo hili.

Mwalimu huyo alifundisha Kilatini na Kifaransa katika koleji miaka 43. Alianza kazi akiwa kijana, miaka michache baada ya Uhuru wa Kongo wa mwaka 1960. Alikuwa ubaoni wakati serikali ilipochukua masomo ya Eklezia mwaka 1974, na alikuwa ubaoni bado wakati mapatano ya mwaka 1977 yalipoyarudisha mikononi mwa Eklezia. Miaka ya 1990 mshahara wa serikali ukawa si kitu, wazazi wakaanza kuwalipa walimu kwa mfuko wao. Wenzake wengi waliacha chaki wakaenda kufanya biashara. Yeye hakuacha. Alikuja kila asubuhi kwa kinga yake, suruali imefungwa kamba chini ili mnyororo usiichafue. Sisi tulikuwa karibu wa mwisho kufundishwa naye. Kabla ya kuingia kalasi tulipanga mstari, naye alipita polepole akitutazama mmoja mmoja. Aliyekuwa na kifungo cha shati wazi, Mwalimu alimfungia yeye mwenyewe, bila kusema neno.

Alipopumzika kazi alirudi nyumbani kwake, akalima shamba lake dogo na kusoma vitabu vyake barzani. Miaka ikapita. Kisha akaanza kusahau. Kwanza alisahau mahali alipoweka ufunguo. Baadaye alimwita binti yake kwa jina la mama yake mzazi. Siku ya Jumanne alivaa nguo nzuri akaenda kanisani, akidhani ni siku ya Mungu. Mwishoni akawa anatoka nyumbani usiku na kutembea njiani, hata watu walipomuuliza anakwenda wapi, hakuweza kujibu.

Watu wakaanza kusema. Wengine walisema: Amelogwa. Wengine wakasema neno baya zaidi: Ni yeye mlozi, la sivyo anatafuta nini njiani usiku? Na wale waliokuwa na huruma walisema: Mwalimu hayupo tena, umebaki mwili tu.

Mimi nilisikia habari zake. Nilikaa mbali naye mwendo wa saa moja kwa kinga. Hata hivyo nilikaa miaka miwili bila kwenda kumwona. Nilikuwa na sababu yangu, na niliiona kuwa ya akili: Nitakwenda kufanya nini? Hatanijua. Hata akinijua, nikitoka mlangoni atasahau kwamba nilikuja. Afadhali nimkumbuke kama alivyokuwa.

Siku moja nilikwenda. Binti yake alinikaribisha, akaniletea kiti. Mwalimu aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimjibu. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena, kisha mara ya tatu. Niliona kwamba sababu yangu ilikuwa kweli, hakunijua. Niliposimama kuaga, alinyosha mkono wake uliotetemeka, akashika shati langu, akafunga kifungo cha juu. Hakusema neno. Baada ya miezi minne akafa.

Basi maswali yangu ni haya. Mtu aliyesahau maisha yake mwenyewe, je, bado ni yeye? Na sisi aliotufundisha, tuna deni gani kwake?

Ili kujibu, tumtazame mwalimu mwingine, mkubwa kuliko walimu wote wa koleji zetu. Eklezia anamkumbuka katika mwezi huuhuu wa Novemba, tarehe 15. Ni Mtakatifu Alberto Mkuu.

Alberto alizaliwa karibu na mwaka 1200 huko Lauingen, kando ya mto Danube, katika nchi ya Ujerumani. Aliingia shirika la Mtakatifu Dominiko, akafundisha Paris, na mwaka 1248 wakubwa wake wakamtuma Köln kuanzisha nyumba ya masomo ya juu. Alieleza vitabu vya Aristoteli. Alichunguza pia mimea, wanyama na mawe, maana aliona kwamba vitu alivyoumba Mungu vinastahili kutazamwa vizuri. Mwaka 1260 alifanywa askofu wa Regensburg, lakini baada ya muda mfupi aliomba kuachiwa mzigo huo.

Kati ya wanafunzi wa Köln alikuwako kijana mmoja wa Italia, mnene wa mwili, asiyependa maneno mengi. Wenzake walimcheka wakamwita ng'ombe bubu. Alberto aliwaonya akisema kwamba siku moja dunia yote itasikia sauti ya ng'ombe huyo. Kijana yule ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Mafundisho aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe alipokuwa akimsikiliza Alberto yamehifadhiwa hata leo katika mji wa Napoli.

Lakini mwanafunzi alitangulia kufa. Tarehe 7 Machi 1274, Tomaso alikufa katika monasteri ya Fossanova, akiwa njiani kwenda kwenye Mtaguso wa Lyon. Alikuwa hajafika miaka 50, na mwalimu wake alikuwa amepita miaka 70. Wanasimulia kwamba tangu siku hiyo Alberto alitoa machozi kila aliposikia jina la Tomaso.

Tena wanasimulia jambo jingine. Katika uzee wake, Alberto alipokuwa akifundisha mbele ya wanafunzi, kumbukumbu ilimwacha. Siku moja Askofu Mkuu wa Köln akaja kumsalimu, akabisha mlango wa chumba chake. Mzee akajibu kutoka ndani kwamba Alberto hayupo hapa. Askofu Mkuu akalia, akasema kwamba ni kweli, hayupo. Alberto alikufa Köln tarehe 15 Novemba 1280.

Nilipokumbuka masimulizi hayo nilishangaa, kwa sababu maneno ya Köln ni yale yale ya jirani zetu: Mwalimu hayupo tena. Je, Askofu Mkuu alisema kweli? Alisema kwa uchungu, nasi hatumlaumu. Lakini machozi si mafundisho. Tumsikilize anayeweza kutujibu vizuri zaidi, ndiye Tomaso, mwanafunzi wa mzee huyo.

Tomaso alianza kuandika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae, karibu na mwaka 1265, wakati mwalimu wake alipokuwa bado na akili timamu. Humo anafundisha kwamba roho ya mtu na nguvu za roho si kitu kimoja. Kufikiri, kukumbuka, kuona, hizo ni nguvu. Roho ndiyo asili yake. Nguvu nyingine haziwezi kufanya kazi bila kiungo cha mwili, kama vile kuona kunavyohitaji jicho. Anasema pia kwamba kiungo cha ndani kikiumia kwa ugonjwa, mtu anazuiwa kufikiri hata mambo aliyokwisha kuyajua. Angalia neno hilo: anazuiwa. Hakusema kwamba mtu ameondoka. Tena anafundisha kwamba elimu iliyoshikwa na akili yenyewe haipotei hata kwa kifo, roho inakwenda nayo.

Fikiri kalasi ya jioni. Mwalimu ameandika somo zima ubaoni, kisha taa inazimika. Wanafunzi hawaoni tena hata herufi moja. Je, somo limefutika? Hapana. Maneno yako pale pale katika giza. Asiyejua anaweza kuingia, akapapasa, akasema ubao ni mtupu. Anakosa. Kilichokosekana ni mwanga. Ndivyo alivyokuwa Alberto nyuma ya mlango wake, na ndivyo alivyokuwa mwalimu wangu katika kiti chake barzani. Yule Tomaso, ambaye mwalimu alimtetea mbele ya wale waliomcheka, alikuwa amekwisha kumtetea mwalimu wake kabla ya saa ya shida.

Mtu anaweza kuniambia: Hayo ni maneno ya wenye elimu. Mzee hajui kama nimekuja, basi kuja kwangu kunamsaidia nini?

Nitamjibu kwa jambo ambalo kila mkristu analijua. Je, unakumbuka ubatizo wako? Wengi wetu tulibatizwa tukiwa watoto wachanga. Hatukumbuki maji, wala Padri, wala mikono iliyotushika. Hata hivyo tumebatizwa kweli. Wazazi wetu walikumbuka badala yetu, na msimamizi wetu, na kitabu cha ubatizo cha parokia. Vivyo hivyo hakuna anayekumbuka maziwa ya mama yake, lakini bila maziwa hayo hangekuwa hai. Basi wema haupotezi nguvu kwa sababu aliyetendewa hakuushika katika kumbukumbu. Sisi sote tulianza maisha yetu tukiwa tumeshikwa katika kumbukumbu ya wengine. Mtu akimaliza maisha yake hivyo hivyo, si aibu. Ni zamu yetu sasa kumkumbukia, kama alivyokuwako mtu wa kutukumbukia sisi.

Ndiyo maana kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, kinamwagiza mwana amvumilie baba yake hata kama akili imempungua, wala asimdharau kwa sababu yeye mwana ana nguvu zake zote. Mungu alijua kwamba siku hizo zitakuja, akatuwekea agizo mapema.

Sasa lazima niseme wazi juu ya neno la ulozi, maana neno hilo linaua. Mzee anayesahau na kutembea usiku si mlozi. Ni mgonjwa wa ubongo. Mwaka 1906 mganga mmoja wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza mbele ya wenzake ugonjwa wa mwanamke aliyepoteza kumbukumbu, na mambo aliyoyaona katika ubongo wake baada ya kifo. Baadaye ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake, na kuna magonjwa mengine ya ubongo yanayofanana nao. Mgonjwa hatofautishi tena vizuri usiku na mchana. Anatafuta nyumba aliyokaa utotoni. Waganga hawajapata bado dawa ya kuuponya kabisa, lakini chakula kizuri, usafi, sauti ya upole na mlango uliofungwa vizuri usiku vinamsaidia sana. Kumwita mlozi ni dhambi mara mbili: ni kumsingizia asiyeweza kujitetea, na ni kumweka katika hatari ya kupigwa na kufukuzwa. Mimi ni katekista. Nilisikia maneno hayo yakisemwa juu ya mwalimu wangu, nami nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa kosa kubwa kuliko kuchelewa kwangu.

Tena kuna namna nyingine ya kumkosea mwalimu mzee, nayo inakuja baada ya kifo chake. Siku ya maziko watu walikuwa wengi sana. Watu ambao hawakumpelekea hata kipande cha sabuni walileta mashada ya maua. Wakasimama mmoja mmoja kumsifu. Mmoja akasema kwamba Mwalimu hakumkosea mtu hata mara moja katika maisha yake.

Hiyo si kweli. Mwalimu alikuwa na ulimi mkali. Mwenzetu mmoja, ambaye Kilatini kilimshinda, aliitwa kichwa cha jiwe mbele ya kalasi nzima, tena mara nyingi. Alipokwenda nyumbani kwa Noeli hakurudi tena. Mwenzetu huyo alikuja kwenye maziko. Alisimama nyuma, na aliposikia maneno yale alitazama chini. Wakati wa kutoka aliniambia: "Nitamwombea, lakini wasinidanganye."

Nimefikiri sana juu ya neno lake, nami naona kwamba yeye alimheshimu marehemu kuliko sisi. Maana tukisema kwamba mtu hakuwa na kosa, kwa nini tumwombee? Eklezia anawaombea marehemu kwa sababu anajua kwamba walikuwa watu, na kwamba wengi wanahitaji bado kutakaswa kabla ya kumwona Mungu. Anayemsifu marehemu kwa uongo anamnyima sala. Yeye anayejua jeraha lake na bado anasali, huyo amemkumbuka mtu mzima, siyo sanamu. Tusisengenye marehemu, hilo ni kweli. Lakini kati ya kusengenya na kudanganya kuna njia ya katikati: kusema mema yake kwa shukrani, na kumkabidhi Mungu mabaya yake kwa sala.

Basi tuna deni gani? Aristoteli, katika kitabu cha 9 cha Maadili, anasema kwamba kuna watu ambao hatuwezi kuwalipa kadiri ya walivyotutendea: miungu, wazazi, na wale waliotufundisha hekima. Thamani ya kazi yao haipimwi kwa fedha. Inatosha, anasema, kurudisha kile tunachoweza. Yeye alikuwa mpagani, lakini alisema vizuri. Deni lisilolipika halitupi ruhusa ya kutolipa kitu. Linatudai tulipe kidogo kidogo maisha yetu yote.

Tulipe namna gani? Kwanza, twende kumwona mzee akiwa hai, bila kuuliza kama atatutambua. Katika parokia zetu wako walimu wazee waliofundisha miaka 30 na 40, na sasa wanaishi kwa mkono wa watoto wao. Jumuiya zetu za wakristu wa mtaa zinajua nyumba zao. Anayejua kusoma barua ya serikali na ajue kwamba alifundishwa kusoma na mmoja wao. Kuni, chumvi, sabuni, saa moja ya kukaa naye ili binti yake apate kwenda sokoni, hayo si makubwa, lakini ni malipo ya kweli.

Pili, tuandike. Mzee anaposahau, habari zake zinabaki kwa wale waliomjua, na sisi nasi tutasahau. Mwanafunzi mmoja achukue daftari, aandike mwalimu alizaliwa wapi, alifundisha wapi, miaka gani, alipenda nini, alisema nini. Tomaso hakuona haya kuandika maneno ya mwalimu wake.

Tatu, tuombe Misa. Na tusichoke haraka. Tomaso alitangazwa mtakatifu mwaka 1323, miaka 49 baada ya kifo chake. Mwalimu wake alingoja mpaka mwaka 1931, ndipo Papa Pio XI alipomtangaza mtakatifu na mwalimu wa Eklezia. Ilikuwa miaka 651 tangu afe. Miaka 608 mwanafunzi aliitwa mtakatifu mbele ya Eklezia nzima, na mwalimu bado. Watu ni wazito wa kukumbuka. Mungu hakusahau hata siku moja.

Hapo ndipo penye jibu la mwisho la swali langu. Nani atamkumbuka mwalimu mzee? Sisi tunapaswa, lakini sisi pia tutazeeka, na daftari zetu zitaliwa na mchwa. Kumbukumbu iliyo salama ni moja tu, ya Mungu aliyemwita mtu kwa jina kabla hajazaliwa. Kazi yetu ya kukumbuka ni kushiriki kidogo katika kumbukumbu yake. Mwizi aliyesulibiwa kando ya Yezu hakuomba kitu kingine ila hicho, akumbukwe, akapewa paradiso.

Jina la mwalimu wangu limekwisha kufika mezani pa Padri. Juma lijalo nitakwenda kumsalimu mwalimu mwingine, mzee wa parokia yetu, ambaye sasa hatoki nyumbani. Hakunifundisha mimi, alimfundisha baba yangu. Wanasema kwamba hatanijua. Nitakwenda hata hivyo.